Mwalimu mkuu, mizani ya stoo na imani ya wazazi: niliyoyaona katika miaka sita ya kamati ya shule

Mjumbe wa Mwembeni (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kuanzia mwaka 2017 nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali huku wilayani kwetu, na nilikaa humo miaka sita. Katika muda huo shule ilipitiwa na walimu wakuu watatu, nami nimekaa nao wote meza moja. Sitaitaja shule wala wao, kwa kuwa wote watatu bado wako kazini na nia yangu si kumchongea mtu. Ninachotaka tukijadili ni jambo ambalo vikao vya elimu hulipita juu juu: namna mwalimu mkuu anavyojihusisha na shule yake siku hadi siku ndiyo inayoamua kama wazazi watamwamini na kama walimu watamwamini. Imani hizi mbili watu huzitaja pamoja kama chanda na pete, lakini hazijengwi kwa njia moja, na nimeshuhudia moja ikiuawa na mtu aliyekuwa akiitafuta nyingine.

Wa kwanza sina mengi ya kumsema. Alikuwa mtu wa ofisini, mlango umerudishiwa, na mzazi aliyefika na shida yake alisubiri kwenye benchi mpaka akakumbuka kwamba ameacha moto jikoni. Tatizo lake kubwa lilikuwa fedha, ingawa si kwa maana ambayo wengi waliifikiria. Tangu Januari 2016, serikali ilipoanza kutekeleza Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 na kuondoa ada, ruzuku ya uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 hubaki huko juu serikalini kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo kinachotua shuleni ni 6,000. Sisi tulikuwa na wanafunzi 640. Ukipiga hesabu unapata shilingi 3,840,000 kwa mwaka, sawa na 320,000 kwa mwezi, na humo humo mna chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha stoo na mguu wa dawati uliovunjika. Kijiweni, hata hivyo, iliaminika kwamba shule inapokea mamilioni kila mwezi, na kwa kuwa serikali ilikuwa pia imetangaza posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi kwa walimu wakuu, watu waliichanganya posho na ruzuku wakapata jumla waliyoitaka. Nilipofungua vitabu nikiwa mjumbe sikukuta hata shilingi iliyopotea. Hakuwa mwizi. Ila hakuwahi kubandika karatasi ya mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, na mtaa ukajiandikia hesabu yake.

Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango shuleni. Sababu yake niliielewa, maana watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya fedha ambazo hawakuzaliwa nazo. Kwa mwalimu wetu mkuu, hata hivyo, katazo lile liligeuka kuwa sababu ya kutoitisha mkutano wa wazazi kabisa. Alituambia wazi kwenye kamati kwamba kama hakuna cha kuwaomba wazazi, hakuna cha kuwaitia. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwake mzazi alikuwa mfuko, na mfuko ukishafungwa mwenye mfuko hana kazi.

Wa pili alikuwa kinyume chake kabisa, na huyu ndiye ninayemfikiria hadi leo. Mwezi wa kwanza tu alikuwa na namba za simu za karibu kila mzazi. Misibani alikuwepo, mnadani alisalimia, kundi la WhatsApp la wazazi alilianzisha yeye. Tulimpenda. Sasa nisimulie mkutano mmoja, chini ya mwembe, muhula wa pili wa mwaka wake wa pili.

Mzazi mmoja alisimama akauliza kwa nini mtoto wake wa darasa la nne hawezi kusoma barua ya mistari mitatu. Lilikuwa swali la haki. Mwalimu mkuu hakulijibu, aligeukia viti vya walimu akasema, "Mwalimu wa darasa la nne, simama uwaeleze wazazi." Akasimama mama wa makamo, aliyekuwa amefundisha zaidi ya miaka 20, daftari la mahudhurio mkononi. Akaanza kueleza kwamba ana watoto 118 katika chumba kimoja, na kwamba mtoto huyo alihamia kwetu mwezi wa tatu. Mwalimu mkuu akamkatiza: "Wazazi hawataki sababu, wanataka matokeo." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, lazima nikiri.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba yule mwalimu alikuwa akibaki na watoto wasiojua kusoma hadi saa kumi jioni, kila siku, bila posho na bila kuagizwa na mtu. Wiki ile ile akaacha. Kengele ya saa nane na nusu ikigonga, mkoba ulikuwa tayari begani, na wenzake wawili waliokuwa wakifanya hivyo hivyo wakamfuata. Hakuna aliyegoma wala aliyeandika barua. Maandalio ya somo yalikuwepo, kitabu cha mahudhurio kilisainiwa kwa wakati, na mthibiti ubora wa shule, yaani mkaguzi, angefika siku yoyote angekuta mafaili safi. Mwaka haukuisha, wazazi wale wale waliopiga makofi wakaanza kulalamika kwamba walimu wa siku hizi hawana moyo.

Wazazi nao hawakubaki salama. Siku moja alisoma kwa majina orodha ya waliokuwa hawajatoa mahindi ya chakula cha watoto. Kina mama wawili waliokuwa karibu yangu walijifunika kanga usoni. Mkutano uliofuata hawakuja, na watoto wao wakaanza kuonekana shuleni kwa kurukaruka.

Wa tatu alikuwa mpole kiasi kwamba tulidhani hatamaliza mwaka. Kitu cha kwanza alichokifanya, kabla hata ya kuitisha kikao, kilikuwa kuazima mizani kwa mfanyabiashara wa nafaka na kuiweka mlangoni pa stoo. Chakula kilichoingia kilipimwa mbele ya aliyekileta, na kilichotoka kilipimwa kila asubuhi na watu watatu: mpishi, mwalimu wa zamu na mama mmoja aliyechaguliwa na wazazi kushika ufunguo. Kisha, pembeni mwa jiko, kwenye kipande cha ubao kilichokuwa cha darasa la awali, iliandikwa kwa chaki: "Leo: unga kilo 41, maharage kilo 14, watoto waliokula 312." Kila siku. Mzazi aliyepita njia kwenda kisimani alisoma. Wiki ya kwanza watu walikuja kukagua, na mmoja wao alihesabu watoto kwa kidole. Kufikia mwezi wa tatu hakuna aliyekuwa akikagua, na gunia zilikuwa zinakuja bila mtu kusomewa jina.

Kuhusu walimu nitatoa tukio moja tu. Alikuja baba mmoja amefura, kamshika mtoto mkono, mguuni mwa mtoto alama za fimbo. Mnajua kwamba kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko haizidi vinne, inatolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na inaandikwa kitabuni. Mwalimu mkuu alimpa yule baba kiti, akachukua kitabu cha adhabu, akakifungua mbele yake. Hakikuwa na maandishi ya siku ile. Akasema, "Mzazi, umekosewa. Na aliyekukosea ni mimi, kwa sababu fimbo ya shule hii iko chini yangu." Hakumwita mwalimu mbele ya yule baba. Alizungumza naye jioni, wawili tu, na sijui walisemezana nini. Kesho yake walikutana wote watatu, mwalimu akaomba radhi kwa mdomo wake, na baada ya hapo fimbo zote zilizokuwa madarasani zilihamia ofisini. Mwalimu mmoja aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Alitubeba bila kutuficha."

Naomba walimu, wazazi na waliowahi kushika ofisi hizi mchangie. Je, mtu huyu wa tatu anaweza kupatikana kwa mafunzo, au tunasubiri bahati?

Chaki ya Zamu

Ndugu mjumbe, nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni mwalimu, mwaka wa 19 kazini, shule nne, wakuu tisa. Umesema vizuri upande wa wazazi, niruhusu nikuingize ofisi ya walimu.

Mwalimu hamwamini mkuu wake kwa sababu ya hotuba ya kufungua muhula. Anamwamini, au anamfuta, siku mthibiti ubora anapofika. Nimewahi kuwa chini ya mkuu ambaye, alipoulizwa kwa nini maazimio ya kazi, yaani mipango ya ufundishaji, ya darasa la sita hayajakaguliwa, alijibu palepale kwamba walimu wake ni wazembe. Nimewahi pia kuwa chini ya mwingine ambaye kwa swali hilo hilo alisema, "Wiki mbili hizi sikukagua, kosa ni langu, Ijumaa yatakuwa tayari." Kwa huyo wa pili tulikesha, na yale maazimio yalikuwa mezani kwake Alhamisi mchana.

Jambo lingine ni kuingia darasani. Kuna mkuu anayevizia dirishani, na watoto humwona kabla yako, darasa zima linageuza shingo na wewe unajua umefika kuchunguzwa. Mkuu wangu mmoja alikuwa akiingia mlangoni, anaomba ruhusa, anakaa dawati la nyuma na watoto. Siku moja baada ya kipindi changu cha hisabati aliniambia sehemu niliyopitia haraka mno. Nikamjibu kwa kiburi kidogo kwamba kwa watoto 90 hakuna namna nyingine. Akasema, "Basi kesho nipe kipindi nijaribu mimi, wewe ukae nyuma." Alikuja na vijiti vya kuhesabia alivyovikata mwenyewe. Kipindi kikamshinda! Vijiti viligeuka mapanga, watoto wakapigana, kengele ikalia hajafika nusu. Tulicheka naye ofisini mpaka machozi. Lakini kuanzia siku ile, akikuambia kitu kuhusu ufundishaji wako unasikiliza, kwa sababu umemwona akishindwa hadharani na hakukuchukia.

Hata hivyo, ndugu mjumbe, umemwacha mtu mmoja nje ya hadithi yako, naye ni aliye juu ya mwalimu mkuu. Huyo wako wa pili, aliyemsimamisha mwalimu mbele ya wazazi, inawezekana kabisa kwamba wiki iliyotangulia yeye mwenyewe alisimamishwa hivyo hivyo mbele ya wakuu wenzake, kwenye kikao cha kutathmini matokeo, akaambiwa kwamba hawataki sababu, wanataka matokeo. Sentensi ile naifahamu. Haikuzaliwa chini ya mwembe wenu. Ongeza takwimu zinazoombwa kwa simu saa tano ili zifike saa sita, ongeza safari za halmashauri, na utaona kwamba mkuu anayetaka kuwa getini asubuhi na kuwasalimu wazazi anapaswa kwanza kuwa na asubuhi iliyo yake.

Mzee wa Mnadani

Mnisamehe, lakini naona mmembebesha mwalimu mkuu mzigo wote. Wazazi wenyewe tunawajua. Ukiitisha mkutano wa watu 400 wanakuja 60, na kati ya hao 60 nusu ni bibi wasiojua mtoto yuko darasa gani. Mzazi ana fedha ya bando, hana ya daftari. Mwalimu mkuu atajihusisha na nani? Imani ni ya pande mbili, na upande wa pili umelala.

Mjumbe wa Mwembeni

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako nilikuwa nayo mimi mwenyewe, tena kwa maneno hayo hayo, mpaka tulipokaa na yule mwalimu mkuu wa tatu tukapitia daftari la mahudhurio ya mikutano ya miaka mitatu. Mikutano yote ilikuwa Jumatano saa nne asubuhi. Jumatano ni siku ya mnada wetu, na wewe kwa jina lako unajua maana yake. Miwili kati ya hiyo iliangukia wakati wa palizi. Yaani tulikuwa tunamwita mzazi achague kati ya mtoto wake na chakula cha mtoto wake, halafu asipokuja tunaandika kwamba hana mwamko.

Alihamishia mikutano Jumamosi saa kumi, na badala ya mkutano mmoja mkubwa akaanza kuita darasa kwa darasa, wazazi 40 au 50, wanakaa kwenye madawati ya watoto wao na kufungua madaftari ya watoto wao. Kuhusu bibi, aliwaamkia kwanza, akawauliza watoto wanalala saa ngapi na wanaamka wamekula nini. Wale bibi walikuwa wanajua mambo ambayo hakuna baba aliyekuwa akiyajua. Mahudhurio hayakuwa ya ajabu hata hapo, sitaki kupamba. Ila waliokuja walirudi.

Mkaazi wa Pwani

Hamjambo ndugu zetu. Nachangia nikiwa Kwale, Kenya, ambako nimekaa kwenye bodi ya usimamizi ya shule moja ya msingi. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeipa bodi nafasi yake na chama cha wazazi nafasi yake, na kwenye karatasi mwalimu mkuu ni katibu tu wa bodi. Katika maisha halisi yeye ndiye anayeandika ajenda, na anayeandika ajenda ndiye mwenye kikao.

Nilitaka kuongezea suala la uhamisho, kwa kuwa kwetu lilituumiza. Kuanzia mwaka 2018 Tume ya Huduma za Walimu ilitekeleza sera ya kuwahamisha walimu wakuu nje ya kaunti zao za nyumbani. Hoja ya upande wa tume haikuwa ya kupuuzwa: mwalimu mkuu aliyezaliwa hapo ana shemeji kwenye bodi na binamu mwenye zabuni ya kuni. Lakini aliyeletwa kutoka mbali alifika hajui kwamba Ijumaa baada ya saa sita huwezi kuitisha kikao chochote huku kwetu ukategemea mtu, wala hajui kwamba mtoto anayesinzia asubuhi mwezi wa Ramadhani ameamka kula daku. Wetu aliita kikao cha kwanza Ijumaa saa nane. Alikuja mtu mmoja, mwenye kibanda cha chai, naye alikuja kudai deni la shule. Ilimchukua karibu mwaka mzima kurudisha alichokipoteza siku hiyo, na nasema kwa haki yake kwamba alikirudisha: alianza kuja barazani kwa mzee wa mtaa kila Alhamisi, bila faili, bila ajenda, anakunywa kahawa chungu na kusikiliza. Alipokuwa ameshatujua vizuri, akahamishwa tena.

Viboko kwetu vimepigwa marufuku tangu mwaka 2001, kwa hiyo hadithi yako ya kitabu cha adhabu kwetu ingeishia polisi. Lakini lile neno la "aliyekukosea ni mimi" lingefaa popote.

Mwanachuo wa Bagamoyo

Nimesoma uzi wote kwa makini. Nimepitia mafunzo ya uongozi wa elimu pale ADEM, wakala wa serikali wa kuendeleza uongozi wa elimu, Bagamoyo, na nataka kujibu swali la mleta uzi kuhusu mafunzo na bahati.

Mjini Chicago, Marekani, sheria ya mwaka 1988 iliipa kila shule ya umma baraza lake, lenye wazazi sita, wakazi wawili, walimu wawili na mkuu wa shule mwenyewe, na baraza hilo ndilo linalomchagua mkuu na kumpa mkataba wa miaka minne. Watafiti wawili, Anthony Bryk na Barbara Schneider, walizifuatilia shule za msingi za mji huo katika miaka ya 1990 na kuuliza kwa nini baadhi zilipanda na nyingine zilibaki palepale, ilhali mageuzi yalikuwa yale yale. Walichokikuta ni kwamba shule zenye kuaminiana kwa hali ya juu zilikuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kuboresha matokeo, wakati zile zenye kuaminiana duni zilikuwa na nafasi moja kati ya saba. Waliichambua imani hiyo wakasema watu hupima mambo manne kwa mwenzao: kama ananiheshimu, kama ananijali zaidi ya kazi yake inavyomlazimu, kama anaiweza kazi yake, na kama anachosema ndicho anachotenda.

Sasa rudini kwa wakuu watatu wa mleta uzi. Wa kwanza alikuwa mwadilifu, vitabu vimeshuhudia, lakini uadilifu uliofungiwa kabatini hauonekani, na kisichoonekana hakipimwi. Wa pili alionekana kujali, na huenda alijali kweli, ila heshima aliimwaga chini ya mwembe. Ile mizani ya wa tatu naiona kuwa kazi kubwa zaidi kuliko inavyoelezwa, kwa sababu iliweka maneno na matendo mahali pamoja, kila asubuhi, kwa namba ambayo hata mtu asiyempenda angeweza kuihakiki.

Kuhusu mafunzo: tulifundishwa kusimamia fedha, kuandaa mpango wa maendeleo wa shule, kusoma nyaraka na kuendesha vikao, na vyote vina manufaa. Namna ya kumpokea baba aliyekuja na hasira nilijifunza kwa mkuu wangu wa kwanza, kwa kusimama nyuma ya mlango.

Chaki ya Zamu

Mwanachuo, nakushukuru, ila mfano wa Chicago una shimo moja kwetu. Huko baraza lenye wazazi wengi ndilo linalomchagua mkuu. Kwetu anateuliwa na mkurugenzi wa halmashauri, anafika na barua, na walimu husikia habari zake kwa simu siku mbili kabla. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa kwetu haanzii na imani yoyote mfukoni. Anaanzia na tetesi za shule aliyotoka. Ndiyo maana miezi mitatu ya kwanza ina uzito kuliko wanavyodhani wao wenyewe. Ukianza kwa kubadilisha ratiba na kuhamisha meza, walimu wanakungoja ukosee. Mkuu wetu wa sasa alianza kwa kuomba aonyeshwe vyoo vya walimu. Tulikuwa na tundu moja kwa watu 17. Bado hajapata fedha za kujenga, lakini kila mwalimu anajua kwamba jambo la kwanza alilouliza lilikuwa hilo.

Mzee wa Mnadani

Marahaba, mjumbe. La Jumatano umenishika, maana mimi mwenyewe Jumatano sijawahi kukanyaga shuleni. Nina swali moja. Huyo wa tatu bado yupo? Na kama ameondoka, mizani imebaki au ilirudi kwa mwenyewe?

Mjumbe wa Mwembeni

Mzee wangu, umeuliza nilichokuwa nakikwepa. Alihamishwa mwezi uliopita, kwenda shule kubwa zaidi, na nadhani walimpeleka huko kwa sababu zile zile tunazomsifia. Mizani ilikuwa ya kuazima, ila mwenye mizani amekataa kuichukua. Anasema ameshanunua nyingine.

Mimi sasa si mjumbe, ni mzazi tu, mwanangu wa mwisho yuko darasa la tano, kwa hiyo naeleza nilichokiona nikiwa nje ya uzio. Mwalimu mkuu mpya aliripoti Jumatatu. Jumanne na Jumatano ubao wa jikoni ulikuwa mtupu, kwa kuwa mwalimu wa zamu hakujua kama utaratibu unaendelea na hakutaka kuonekana anamfundisha kazi mgeni. Alhamisi yule mama mshika ufunguo alichukua chaki akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kupinda: unga kilo 39, maharage kilo 13, watoto 298. Mwalimu mkuu mpya akatoka ofisini, akasoma, akamuuliza ni nani aliyemwagiza kuandika. Mama akamjibu kwamba hakuna aliyemwagiza, ndivyo wanavyofanya. Akaomba aonyeshwe daftari la stoo, akaondoka nalo.

Daftari bado liko kwake. Walimu wanasema ametangaza mkutano wa wazazi, na barua aliyotuma kwa watoto imeandikwa Jumatano saa nne. Wajumbe wawili wamekwenda kumwona jana jioni kuhusu hiyo siku. Nikipata jibu lake nitarudi hapa.